Pampu Juu ya Ubao

Kipande cha sponji kilikuwa kimepotea tena.

Mke aliinama mbele ya tangi la samaki, akapapasa chini ya pampu ya hewa. Ubao mtupu. Asubuhi, kabla ya kwenda kazini, alikiweka pale kwa mkono wake mwenyewe, pampu ikatulia na nyumba ikanyamaza. Sasa jioni ilikuwa ikinguruma kama kawaida yake, na ubao wa kabati ukiitikia.

Tangi lilikuwa la Kinda. Ndivyo walivyomwita mtoto wao wa pekee, na hata alipoanza shule jina halikumtoka. Tangi lilikaa sebuleni, limeegemea ukuta wa chumba chake. Mwanzoni mwa mwaka homa ya ghafla ilimchukua Kinda, wakabaki samaki na kelele zao.

Si kwamba kelele zilimkasirisha mke. Tangu mazishi hakuna kilichomkasirisha wala kumfurahisha. Alikula kwa sababu chakula kimepakuliwa, akaoga kwa sababu maji yamechemka. Ila mngurumo ule ulimwingia kichwani ukakaa, na aliona akiunyamazisha angalau atakuwa amemaliza jambo moja.

Muuza samaki wa mapambo alimwambia hana haja ya kununua pampu mpya. Akioshe kile kijiwe kinachotoa mapovu, maana kikiziba pampu huhema kwa shida. Pampu yenyewe aiweke juu ya kitu laini. Na zaidi ya yote isiguse kioo, kwani ikigusa tu, tangi zima linageuka ngoma. Sponji haikuwa tabu. Mke alikuwa mshona viti vya sofa, vipande vilimjaa hadi kwenye mkoba. Alikiosha kijiwe, akakata sponji, akaitandika. Kila mara ilidumu mpaka jioni tu, na jioni hakuwa na nguvu ya kuanza upya.

Mumewe, ambaye ndiye aliyekuwa akitangulia kurudi nyumbani, hakuona ajabu.

"Inatikisika, itakuwa imekidondosha nyuma ya kabati," alisema siku moja bila kumtazama, pasi mkononi. "Pampu za bei rahisi ndivyo zilivyo. Iache tu."

Kisha akaingia chumba cha Kinda, ilikokuwa meza ya pasi, akafunga mlango. Ndiyo ilikuwa desturi yake kila jioni mke akiwa jikoni: kupiga pasi shati la kesho. Alikaa humo kama anayepigia pasi kikosi kizima cha askari, na shati lenyewe likatoka na mikunjo yake yote. Zamani mke angemtania mpaka acheke. Zamani waliitana Mama Kinda na Baba Kinda. Siku hizi hawakuitana kabisa. Mke alijiuliza tu mtu anawezaje kupiga pasi kando ya kitanda kile.

Kilichomshinda ni yale macho makavu. Siku ya mazishi, watu wakilia, mumewe alihangaika na viti vya kukodi, akiuliza kama vinatosha. Hakutoa chozi siku ile wala baadaye. Ndugu wa mke wakamwita Jiwe, kwanza kwa siri, kisha waziwazi. Dada yake mke ndiye asiyemung'unya maneno.

"Mwanamume asiyemlilia mwanawe, wewe unakaa naye ukingoja nini?" alimwambia. "Njoo kwangu."

Mke alikubali. Begi lilikuwa tayari nyuma ya mlango wa chumbani. Kesho asubuhi shemeji, mume wa dada yake, angekuja kumchukua. Hakuhisi uchungu wowote. Moyo ulikuwa umekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Alitaka tu samaki wa Kinda wabaki mahali penye utulivu.

Jioni hii pia mlango wa chumba cha mtoto ulikuwa umefungwa, mumewe yumo ndani na pasi yake. Mke aliingiza mkono nyuma ya kabati kutafuta sponji iliyodondoka. Hakuna kitu. Akafungua kabati ili achukue mkasi akate kipande kingine, akasogeza kopo la chakula cha samaki. Nyuma ya kopo vilikuwapo vipande vyake vyote vya sponji, vimepangwa kimoja juu ya kingine, vizuri kuliko shati lolote lililowahi kutoka katika chumba kile.

Kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Havikudondoka, vilitolewa. Kila siku alitafuta utulivu kidogo, na kila siku mtu anayelala naye kitanda kimoja alikuwa akiuchomoa. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi alihisi kitu, nacho kilikuwa hasira. Jiwe, kweli Jiwe. Hakuwa na haja ya kungoja kesho. Angeufungua mlango ule sasa hivi, ampe pampu yake na kelele zake mkononi, kisha amwambie yote aliyoyafungia moyoni.

Aliinyanyua pampu kutoka kwenye ubao. Mngurumo ukakatika. Mapovu yaliendelea kupanda majini, na pampu ikatetemeka viganjani mwake bila sauti.

Ndipo alipoisikia sauti nyingine, kutoka upande wa pili wa ukuta. Ilikuwa sauti ya mtu mzima aliyejiziba mdomo kwa nguo, akilia kwa kwikwi, na kati ya kwikwi na kwikwi akiita, "Kinda. Kinda wangu."

Mke alisimama na pampu mikononi. Kisha akairudisha upesi juu ya ubao mtupu, akaisukuma mpaka ikagusa kioo.