Kurumbiza Asiye na Namba

Katika jiji lile, kila darubini ilimripoti yenyewe kwa askari ndege iliyemwona, na ndege asiye na namba mguuni alinaswa na kuuawa siku hiyohiyo. Mume wa Nyaboke, mpenda ndege, alikufa akiilaani sheria hiyo.

Asubuhi moja ya baridi kali ya Julai, kurumbiza wa manjano, miguu mitupu, alitua tawini, juu ya benchi la bustani walipokaa Nyaboke na wazee wenzake. Mutuku, jirani yake, akainua darubini. Nyaboke akaiziba kwa kiganja.

"Shusha! Macho uliyopewa na Mungu hayakutoshi?"

Askari wa bustani akasogea. "Shosho, mmeona nini?"

"Tumeona baridi! Au nayo mnataka iwe na namba?"

Juu yao kurumbiza akaanza kuimba. Benchi zima likatazama viatu. Askari peke yake akainua uso, darubini yake ikibaki shingoni.