Maneno Makubwa ya Babu Kamusi

Mjukuu alikuwa ameng'ang'ania komeo la mlango kwa mikono miwili, analia kwa Kiingereza, na Babu Kamusi hakuwa na neno la kumpa.

Yeye, aliyekimeza Kiingereza kama dawa tangu aliposikia binti yake anamleta mtoto kutoka ughaibuni. Alibandika maneno ukutani, chooni, mpaka kwenye pembe za mbuzi. Yale mafupi aliyaruka. Alisema hayo ni ya chekechea, mtu mzima huanzia juu.

"Haya, Kamusi," jirani alisema dirishani. "Mtoto anasemaje?"

"Anamuulizia mama yake."

"Hilo hata paka wangu ameelewa. Si umwambie atarudi?"

Binti yake alikuwa ameingizwa chumba cha upasuaji asubuhi ile, na simu ilikuwa bado haijalia.

Babu akapiga magoti. Alikuwa na neno la ndege wanaohama na kurudi kila mwaka. Alikuwa na neno la watu wanaoogopa vyumba vilivyofungwa. La "atarudi" hakuwa nalo. Alilitafuta mpaka jasho likamtoka puani.

Mwishowe akatoa lile la ndege, maana ndilo lililokuwa karibu.

Mjukuu akanyamaza. Akamtazama, kamasi imefika mdomoni. Kisha akaachia komeo, akamshika babu mashavu, akarudia swali lake polepole, neno moja moja, kama anayemfundisha mtoto mchanga kusema.