Kijiko Ukutani

Asubuhi hiyo makala ya Zamda ilitoka kwenye tovuti ya ujenzi na ukarabati wa nyumba, na jina lake juu kabisa: Zamda Mbelwa, fundi wa plasta. Aliisoma amesimama, akaisoma tena akizunguka sebuleni, moyo unamrukaruka. Alikuwa ameandika jambo moja tu. Chukua kijiko, gonga ukuta wako taratibu. Ukuta ukitoa sauti nzito, lala usingizi wako. Ukilia kama debe tupu, plasta imeachana na tofali. Hamisha kitanda, ita fundi.

Haikufika adhuhuri, ko ko ko, ikasikika nyumba ya jirani. Kisha ng'ambo ya barabara. Kisha mtaa mzima ukawa unagongwa kama ngoma!

"Fundi Zamda!" Jirani yake, Mama Sikudhani, alikuwa mlangoni na kijiko mkononi, vumbi jeupe hadi kwenye kope. "Umelia debe! Nimesogeza kitanda cha mtoto, sijakaa sawa, pande zima la plasta hilo, puu!"

"Na mtoto?"

"Si huyo uani anacheza!"

Wakakumbatiana, wakicheka huku machozi yanawatoka. Mama Sikudhani akajipangusa uso, akatazama ukuta wa sebule.

"Na wako, shoga, umeliaje?"

Zamda hakuwa ameugonga bado. Plasta ile aliipiga mwenyewe, enzi anajifunza kushika mwiko. Akapokea kijiko, akausogelea ukuta. Huko nje mtaa ulikuwa bado unagonga, ko ko ko. Akakiinua.