Kiwango cha Huku

Ilikuwa siku ya tisa sasa, kila Mama Kibonge akipiga simu nyumbani kutoka ughaibuni, mtoto amelala.

"Basi usimwamshe," alimwambia dada wa kazi. Simu aliibana kwa bega, mkononi ana pasi, mashati ya bosi yanamsubiri. "Mbona nasikia wanawake wengi hapo?"

"Redio, mama."

Roho ikamtulia. Hakuwa na mama wala ndugu wa kumwachia mtoto; alikuwa na huyo dada tu. Ndiye aliyemlea Kibonge tangu ana miezi minane, na sasa ana miaka mitatu. Mama mzazi alimjua mwanawe kwenye kioo cha simu, na jambo hilo lilimuuma kila siku ya Mungu.

Miezi mingi kabla ya hapo ilikuja kanuni mpya: mkataba wa kazi za ndani nje ya nchi, mshahara ukiwa chini ya kiwango, haugongwi muhuri. Bosi alinuna wiki nzima, lakini alilipa. Mama Kibonge alimpigia dada huku analia kwa furaha. Akamsimulia yote, hadi ofisi ya wakala aliyempeleka.

"Hongera, mama," dada alisema. "Na mimi je, kiwango changu kipo?"

Mama Kibonge alicheka. "Kiwango ni cha huku, mdogo wangu. Wewe uko nyumbani, unakula na kulala bure. Vumilia tu."

Dada aliaga, akakata simu. Hakuwa mtu wa maneno mengi.

Miezi ikapita. Mke wa bosi akajifungua mapacha, wakala yule yule akaambiwa alete mfanyakazi wa pili. Mama Kibonge akamtandikia mgeni kitanda, akamwekea taulo na sabuni mpya. Yeye alipofika hakuna aliyemwekea kitu. Maskini, aliwaza, huenda naye kuna mtoto amemwacha.

Siku moja kabla ya mgeni kufika, baada ya zile siku tisa za kuambiwa mtoto amelala, simu ya nyumbani haikupatikana. Chaji hiyo, alijisemea.

Saa nne asubuhi kengele ililia. Akajifuta mikono, akafungua mlango. Dereva alikuwa anashusha begi la bluu ambalo Mama Kibonge alilijua, maana alilinunua mwenyewe.

"Shikamoo, mama," dada alisema, macho chini.

Mama Kibonge alikuwa anatazama nyuma ya yule dada, chini, usawa wa magoti, na hapakuwa na mtu.