Digidigi na Majeruhi wa Mtoni

Alikuwapo Digidigi mjane, mwingi wa maswali. Mumewe alirudi kutoka mtoni na mbavu zilizovunjika, akafa kabla ya kueleza yaliyompata, naye akabaki na hamu ya kuijua siku ile ya mwisho. Basi akamuuliza kila majeruhi aliyepita: uliumia wapi, na kwa kitu gani? Kwa kila jibu akaweka kokoto: walioumwa rundo lao, waliochomwa na miiba lao, walioanguka lao.

"Mama, unajisumbua," akasema Nyati, mkuu wa wanyama. "Muuaji ni Mamba. Tumfukuze, yaishe."

"Walioumwa na Mamba ni wawili tu, mzee. Walioteleza kwenye mwamba wa kushukia mtoni ni thelathini na mmoja."

Nyati akacheka, akaenda kujionea. Akarudi anachechemea.

"Niwekee na mimi kokoto," akasema kwa sauti ndogo.

Kesho yake wakachimba njia nyingine, mbali na mwamba. Wanyama wakashuka salama, wakanywa. Digidigi alipofika majini akageuka kumwambia mumewe kwamba njia ni nzuri, akaona nyasi tupu zikiyumba.