Ziara ya Tatu Njia ya Urambo

Pigo la kwanza lilimpata Gerson mdomoni, na Consolatha akakosa kulipiga picha. Simu ilikuwa bado mkobani. Alipoitoa, Gerson, dereva wa Canter ya asali waliyokuwa wakiifuata tangu Tabora mjini, alikuwa keshapiga magoti vumbini, akitema damu na jino.

"Tugeuze, dada," alisema Selemani, dereva aliyemkodi mtaa wa Mtendeni, Tabora. Mkono wake ulikuwa kwenye gia.

"Hatugeuzi. Nimetumwa kuona."

Gogo la mninga lilikuwa limelazwa juu ya mapipa mawili, likikata barabara ya Urambo. Nyuma yake walisimama wanaume wanne wenye fulana za buluu na marungu. Ya mkubwa wao ilimbana kifuani kama ya kuazima. Aliitazama ile simu iliyoinuliwa dirishani. Kisha akamshika Gerson ukosi, akamgeuza mpaka uso wake ukaelekea gari la ubalozi, akampiga tena. Pale pale mdomoni.

"Ameona unampiga picha na hajali," Selemani akanong'ona. "Hawa wamelewa kiburi, dada."

Consolatha naye aliwaza hivyo hivyo. Alikuwa afisa biashara wa ubalozi wa nchi inayonunua asali, na kazi yake ilikuwa kuhakikisha mkataba unafuatwa. Mkataba ulisema asali ikishapimwa na kupigwa lakiri Tabora, haisimamishwi tena mpaka mpakani. Warina asali walilalamika kwamba inasimamishwa, inamwagwa, na wao wanapigwa. Mara mbili alikuja kuangalia. Mara zote mbili ubalozi ulituma barua ya kutaarifu ziara wiki mbili kabla, kama utaratibu unavyotaka, na mara zote mbili alikuta barabara nyeupe, hata majivu ya moto wa walinzi wa kizuizi yamefagiliwa. Aliandika alichokiona: hakuna kizuizi.

Marko, dereva mwingine wa asali, alikiona. Mwezi wa sita walimpasua kichwa hapo hapo kwa kukataa kufungua mapipa, na karatasi zikasema ajali ya barabarani. Katika jalada la ubalozi Marko hayumo, hata kwa herufi moja.

Njia hii zamani ilipita misafara ya pembe za ndovu. Watemi walidai hongo yao, ushuru wa njia wa vitambaa na shanga, na waliokubaliana nao walipita wakiwa na meno yao yote. Hao ndio walioitwa washenzi. Wa leo wana mikataba yenye mihuri, na mtu anapigwa mpaka anajinyea mbele ya mzigo wenye lakiri.

Bosi wake Dar alikuwa amemwandikia kwa ufupi: safari hii asipoona kitu, shauri linafungwa Ijumaa. Likifungwa, hakuna atakayeuliza tena. Wangebaki wenye marungu na wenye asali, peke yao, porini.

"Unaandikia mkono upi?" yule mkubwa alimuuliza Gerson.

"Wa kulia."

"Lete wa kushoto."

Wawili wakamshika mabega. Mkono ukalazwa juu ya gogo. Rungu likashuka, na mfupa ukakataa. Yule mkubwa akasimama kidogo, akipumua kwa mdomo, uso umemlowa chapachapa. Jasho la mtu anayeipenda kazi yake, Consolatha aliwaza, na chuki ikampanda. Rungu likashuka tena. Safari hii hata Selemani alisikia, ingawa kioo cha upande wake kilikuwa kimefungwa.

Wakapanda kwenye Canter na mapanga. Mapipa yakatobolewa moja baada ya jingine, asali ikashuka nzito juu ya lami, ikachanganyika na damu, na nyuki wakaanza kuja. Consolatha alipiga picha mpaka vidole vikafa ganzi.

Gogo likainuliwa. Hakuna aliyeomba vitambulisho wala kuuliza wanakokwenda.

"Mchukueni huyu," yule mkubwa alisema bila kumtazama. "Hospitali ni nyuma mlikotoka. Endesheni polepole, mkono usitikisike."

"Anatukejeli, mbwa huyu," Selemani alisema walipokwisha kugeuza gari.

Gerson alilala kiti cha nyuma, mkono umening'inia kama si wake. "Umeona?" aliuliza.

"Nimeona, kaka. Pole sana."

"Yote?"

"Yote. Tangu pigo la pili."

Gerson aliitikia kwa kichwa taratibu, akazimia.

Alasiri jibu lilitoka Dar. Picha kumi na tisa zilikuwa zimefika. Shauri halifungwi, linapelekwa mbele ya kamati ya nchi mbili. Consolatha alipanda ngazi za wodi karibu akikimbia. Alitaka Gerson aisikie habari hiyo kutoka kinywani mwake.

Kando ya kitanda, kwenye kigoda, alikaa yule mwenye rungu. Alikuwa amevaa shati jingine. Mkononi alishika kikombe cha uji, na alikuwa akimnywesha Gerson kwa kijiko, akimfuta kidevu kila tone lilipoteleza.

Consolatha alirudi nyuma hatua mbili, akimtafuta mlinzi kwa macho.

"Usikimbie, dada," Gerson alisema kwa mdomo uliovimba. "Huyu ni kaka yangu, Dionis. Tumbo moja."

Dionis aliweka kikombe chini, akasimama. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Wenye kizuizi chao walitoweka barua yenu ilipofika, kama kawaida," alisema. "Chetu bado kipo. Kama picha hazikutosha, mama, sema tu. Mdogo wetu Ng'washi amekubali kesho tumvunje yeye."