Mutalemwa Hakuja Kumzika Mama Yake

Siku hizi mchezaji haombi likizo kwa kocha; wanaoamua kwa kura ni mashabiki waliomweka kwenye timu zao za kubuni za simu, wanaovuna pointi kila anapocheza vizuri. Mjukuu wangu Mutalemwa, yule mrefu anayecheza kikapu Ulaya, aliomba aje amzike mama yake. Jirani yetu Koku alikuwa jikoni kwangu akinisaidia kumenya ndizi za msiba.

"Umemruhusu, mwanangu?"

"Nisamehe, Bibi. Bila yeye timu yangu inashuka. Nimepiga kura abaki."

Wengi walifanya hivyo hivyo. Tukiwa tunafukia kaburi, simu ya Koku ikamwonyesha Mutalemwa akidaka mpira juu ya wenzake, macho yamevimba. Waombolezaji wakapiga makofi, kisha wakaniona, wakayarudia makoleo.